Meza ni ya wachezaji, kipindi ni cha msikilizaji: jibu kwa msomaji wa Langoni

Swali: Assalamu alaykum. Sisi ni vijana watano wa Langoni, Lamu, ambao hukutana kila usiku wa kuamkia Jumamosi kucheza michezo ya kuigiza ya mezani. Tumerekodi vikao vinne kwa simu, kila kimoja karibu saa tatu, tukavituma WhatsApp kama podikasti. Watu wanatusifu lakini wengi hawafiki mwisho, na wachache wanaofika wanatuamuru wahusika wetu wafanye nini. Wazee wa mtaa wameuliza kama dadu si kamari. Je, tuache kurekodi mchezo, tuwe tunazungumza tu kuhusu michezo hii? Kundi la wasikilizaji tuliendeshe vipi? Na mwenzetu mmoja amehamia Mombasa, ilhali sauti yake imo katika vikao vyote vinne.

Jibu: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah, ndugu yangu. Msiache kurekodi mchezo, ila acheni kutuma rekodi kama ilivyotoka kwenye simu. Nimekuwa nikihariri vipindi vya sauti na kusimamia meza ya michezo hii hapa Malindi, na karibu kila ninayekutana naye mwenye shida kama yenu hudhani kasoro iko kwenye mchezo wake. Kwa kawaida mchezo ni mzuri. Umetengenezwa kwa ajili ya watu watano waliokaa pamoja, kisha akapewa mtu wa sita ambaye hakuwapo.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, mchezo wenyewe ni wa maneno. Mtu mmoja, ambaye nitamwita msimamizi, huieleza hali: mahali, wakati, watu waliopo na hatari iliyo karibu. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, kama kuruka kutoka dari moja hadi nyingine usiku, hurushwa dadu, nazo hazikomei kwenye ile ya pande sita tuliyoizoea, kwani zipo za pande nne, nane, kumi, kumi na mbili na ishirini. Dungeons & Dragons, mchezo ulioanzisha mkondo huu wote, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson ukachapishwa Marekani mwaka 1974, na kwa zaidi ya miaka thelathini raha yake ilibaki kwa wale waliomo chumbani tu. Mwaka 2008 wenyewe wa Penny Arcade, katuni ya mtandaoni ya Marekani, walianza kutoa rekodi za mchezo wao walioupa jina la Acquisitions Incorporated. Mwaka 2014 ndugu watatu wa ukoo wa McElroy pamoja na baba yao wakaanza The Adventure Zone. Mwezi Machi 2015 kundi la waigizaji wa sauti linaloongozwa na Matthew Mercer likaanza kurusha Critical Role kwa video, moja kwa moja, vipindi vya saa tatu na zaidi.

Nashuku mlioufuata ni mfano huo wa mwisho, na ndio unaofaa kuigwa kwa uchache kuliko yote. Wale ni watu wanaolipwa kwa kazi ya kubadilisha sauti, kila mmoja ana maikrofoni yake, na mtazamaji anaona nyuso zao, hivyo hata wakinyamaza nusu dakika wakipekua kitabu, yeye ana cha kutazama. Nyinyi mna simu moja katikati ya meza, sauti tano za vijana wa rika moja, na msikilizaji ambaye pengine yumo mashuani akienda Matondoni, sikio moja kwenye hadithi na jingine kwenye injini. Ndugu wa McElroy wanawafaa zaidi: kipindi chao ni sauti tupu, kinahaririwa, na kwa kawaida huwa cha saa moja hivi.

Kabla ya sanaa kuna hesabu ya bando. Faili la sauti lililohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa, kwa hiyo kikao chenu cha saa tatu ni megabaiti 173 au karibu na hapo. Kwa mtu anayenunua bando la siku, huko ni kumwomba achague baina yenu na mambo yake mengine yote. Sauti ya mazungumzo haihitaji kiwango hicho. Ihifadhini kwa mkondo mmoja, yaani mono, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, na kipindi cha dakika arobaini kitakuwa na megabaiti 19 tu. Nami kwa maoni yangu dakika thelathini na tano hadi arobaini na tano ndizo zinazostahimilika kwa hadithi yenye watu watano. Kikao kimoja cha saa tatu kikipunguzwa vizuri hutoa vipindi viwili, na nguvu mnayotumia sasa kurekodi kila wiki itawatosha kutoa kipindi kila wiki huku mkiwa na akiba.

Katika uhariri ndiko kazi ilipo, na hapa naomba univumilie nikae kidogo. Nichukue tukio ambalo mtoto yeyote wa Lamu na Pate amelisikia: Fumo Liyongo yumo gerezani Pate, amefungwa minyororo, mama yake ameficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi, ambao kila siku hula kilicho kizuri katika chakula anacholetewa, wameudharau mkate huo wakamwachia, na nje watu wanacheza gungu kwa matari na matoazi, ili mlio wa tupa kwenye chuma usisikike. Mtungaji wa michezo hii angeweza kukesha akitafuta tukio linalofaa sauti kuliko hilo, asilipate. Hatari yenyewe ni ya masikio: ngoma ikilegea, mlinzi anasikia.

Sasa tuseme meza yenu inacheza hali ya namna hiyo. Rekodi kama inavyotoka huwa hivi: mmoja anarusha dadu, anasema "kumi na moja", mwenziwe anamwambia aongeze mbili, anauliza mbili za nini, anaambiwa za mkono mwepesi, anasema basi ni kumi na tatu, anauliza kama inatosha, msimamizi anasema ngoja niangalie, mtu wa tatu anaomba apitishiwe kahawa, kisha, baada ya sekunde arobaini, msimamizi anasema ndiyo, inatosha, mnyororo umekatika. Hapo mezani hakuna aliyechoka, maana kila mmoja aliiona dadu ikizunguka. Msikilizaji amesikia hesabu, halafu amesikia jibu la swali ambalo hakujua kwamba limeulizwa.

Dawa yake huanza kabla ya kuhariri, nayo ni mazoea mawili ya mezani. La kwanza, msimamizi ataje kilichowekwa rehani kabla dadu haijarushwa: "Ukipata kumi na mbili au zaidi, pingu ya mkono wa kulia inakatika kabla beti halijaisha. Ukipata pungufu, ngoma inanyamaza nawe bado unakata." La pili, anayerusha aitaje jumla yenyewe, kwa sauti, mara moja. Kisha katika uhariri mnaondoa kila kilicho katikati, mnabakisha sentensi ya msimamizi, mlio wa dadu juu ya ubao, pumzi moja ya kimya, na "kumi na tatu." Sekunde arobaini zimekuwa kumi, na ile pumzi moja ndiyo msikilizaji atakayoikumbuka. Msiikate. Wahariri wapya hukata kila kimya wakidhani ni uchafu, na hapo huitoa roho ya mchezo, kwa sababu kigugumizi cha mtu anayeamua kama amwokoe mwenziwe au ajiokoe ndicho kitu pekee ambacho mchezo huu unacho na mchezo wa redio ulioandikwa hauna.

Kateni basi mapekuzi ya kanuni, ubishi wa hesabu, mizaha inayohitaji kumjua shangazi wa fulani, na maelezo ambayo msimamizi ameyarudia. Bakisheni kicheko kinachotokana na tukio. Mwanzoni mwa kila kipindi msimamizi arekodi peke yake muhtasari wa dakika moja, akiwataja wahusika wote kwa majina na walipoishia. Katikati, kila mchezaji ajizoeze kulitaja jina la mhusika wake anapoanza kusema: "Mwinyi anainama, anaokota tupa," badala ya "naokota." Mezani husikika kama mtu anayejitangaza, ila redioni ndiyo taa.

Kuna anayependekeza kila mhusika apewe lahaja yake ili sauti zitofautiane. Ni shauri zuri likiwa mchezaji anaichukua lahaja aliyokulia, mmoja Kiamu kitupu, mwingine Kitikuu, yaani Kibajuni, cha bibi yake. Likiwa ni kuigiza Kibajuni cha kuchekea, Wabajuni watawasikia, na watakuwa na haki ya kuacha kuwasikiliza.

Nirudi kwa Liyongo kwa neno moja. Msimcheze Liyongo mwenyewe. Kila mtu anajua alitoroka, na kila mtu anajua mwanawe alivyomuua kwa sindano ya shaba, kwa hiyo dadu haina la kuamua. Chukueni gereza, mkate, ngoma na walinzi, muwatie humo wahusika wenu wasiojulikana watafika wapi. Aliye ndani anakata, walio nje wanapiga meza kwa viganja kama matari, na kila beti moja dadu ya wapiga ngoma inaamua kama wameweza kushikilia mdundo. Viganja vyenu juu ya ubao vitafanya kazi kuliko mlio wowote mtakaoupakua intaneti.

Kuhusu chumba, mmejaaliwa kuliko sisi wa Malindi wenye kuta za matofali na mabati juu. Ikiwa mmoja wenu anakaa nyumba ya mawe ya kale, ombeni ruhusa ya kurekodi katika chumba cha ndani kabisa, kilicho mbali na daka na njia. Kuta zake nene za matumbawe huzuia mlio wa punda, na zidaka ukutani husaidia kuutawanya mwangwi. Tatizo lake ni kwamba vyumba hivi ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na kuta mbili laini za chokaa zinazotazamana kwa karibu hurushiana sauti. Tandikeni majamvi sakafuni, tundikeni magodoro mawili au mablanketi kwenye ukuta mmoja mrefu, na wekeni kitambaa kizito juu ya meza, isipokuwa pahali padogo pa ubao pa kurushia dadu. Dari ya makuti hunyonya sauti vizuri, lakini huko juu kusi likivuma hamtarekodi kitu. Anzeni baada ya Isha, mkatize mnapohitaji kukatiza, na wala msijaribu kurekodi kupitia adhana kisha kuifuta. Itabaki chini ya maneno kama kivuli, na si adabu.

Vifaa visiwatie deni. Maikrofoni mbili za waya zinazochomekwa kwenye kinasa sauti kimoja, moja kila upande wa meza, zitawapeleka mbali kuliko simu tano. Audacity ni programu ya bure na inatosha kwa kazi yote niliyoieleza. Mkimaliza, isawazisheni sauti ifike LUFS −16, kiwango cha ukubwa wa sauti ambacho Apple hukipendekeza kwa podikasti, ili anayewasikiliza asilazimike kupandisha na kushusha kila mara mtu mwingine anapoingia. Na tafuteni huduma ya kuhifadhi vipindi inayotoa mlisho wa RSS. Huo ndio unaoifanya podikasti kuwa podikasti: programu ya msikilizaji huukagua na kuleta kipindi kipya kwa mpangilio wake. Faili linalorushwa WhatsApp kutoka kundi hadi kundi hupoteza jina, hupoteza namba, na mtu huanza na kipindi cha tatu akidhani ndicho cha kwanza.

Juu ya dadu na kamari, mimi si mwanachuoni na sitatoa hukumu. Nitakupa tu mambo mawili ya kupeleka kwa sheikh wenu. Wazee wenu hawakuzua: katika Sahihi Muslim imo hadithi yenye makemeo makali juu ya anayecheza nardashiri, mchezo wa dadu, na wanachuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, yaliyo ya watu wetu wa pwani, wamekataza michezo inayotegemea dadu hata bila fedha kuwekwa. Kwa hiyo msijibu kwa kusema tu kwamba hakuna pesa mezani, kwa sababu pengine hilo silo waliloliuliza. Jambo la pili ni kwamba michezo hii haihitaji dadu kwa lazima. Amber, uliotolewa mwaka 1991, hauna dadu hata moja. Msimamizi hulinganisha uwezo wa wahusika na hali iliyopo. Dread hutumia mnara wa vipande vya mbao vya Jenga: kila jambo la hatari, mchezaji anachomoa kipande, na mnara ukianguka mhusika wake ametoka kwenye hadithi. Kwa podikasti naupenda kuliko dadu, maana mnara unaoanguka hauhitaji kuelezwa na mtu. Waalikeni wazee hao kusikiliza kikao kimoja, na mkiambiwa muache dadu, acheni dadu, mchezo utabaki.

Sasa wasikilizaji. Mnalalamika kwamba wanawaamuru, nami naliona hilo kuwa dalili njema iliyopewa mlango mbaya. Umewaona watu wanaozunguka ubao wa bao: kila mmoja anaijua kete ambayo mchezaji angeipeleka, anaitikisa kichwa, anaguna, na mchezaji mzuri hupata nguvu kwa sababu wapo, lakini siku mtazamaji akinyoosha mkono akaigusa kete, mchezo umekwisha. Kwenu mikono imeshaingia ubaoni. Mkiendelea kuyasoma maagizo yao kabla ya kila kikao, au mkiwapigisha kura mhusika gani afe, wachezaji wataanza kucheza kwa kuliogopa kundi. Hakuna atakayethubutu kufanya kosa la kupendeza, na mchezo usio na makosa hausikilizwi.

Wapeni kazi ambayo ni yao peke yao. Angalieni wengine walivyofanya. Katika The Adventure Zone, wahusika wadogo wa hadithi walipewa majina ya wasikilizaji waliokuwa wakikitangaza kipindi. Mashabiki wa Critical Role waliunda kundi lililojiita CritRoleStats, likawa linaandika matokeo ya dadu zinazorushwa, na wengine wakayaandika maneno ya vipindi ili wasiosikia vizuri waweze kufuata. Hakuna kati yao aliyepewa kiti mezani, na hakuna aliyejiona mgeni. Mwaka 2019 Critical Role wenyewe walipoomba dola 750,000 kwa ajili ya katuni, zilichangwa zaidi ya dola milioni 11. Sikutajii fedha hizo ili mzitamani, nakuonyesha tu uzito wa watu wenye kazi.

Lamu kazi zipo tele. Mpeni msikilizaji mmoja daftari la kumbukumbu, aandike kila jina na kila mahali palipotajwa, na msimamizi akisahau, daftari ndilo hukumu. Waombeni wenye mkono mzuri wachore ramani ya mji wenu wa kubuni kwa kusikiliza tu, kisha zilinganishwe. Zitatofautiana, na ubishi utakaozuka utawapa kipindi kizima. Zaidi ya yote, Lamu ni mji wa washairi: tangazeni kwamba kila kipindi kitafunguliwa kwa beti mbili alizotunga msikilizaji kueleza yaliyotokea kipindi kilichopita, akazighani mwenyewe kwa ujumbe wa sauti. Muhtasari wenu wa dakika moja utakuwa umepata mshindani, na siku moja utaachwa. Wanaotaka kushauri wachezaji nao wapewe mahali: kila baada ya vipindi vinne, tengeni kipindi cha barua, ambapo wachezaji wanaulizwa kwa nini walifanya walivyofanya, na wanajibu yaliyokwisha kuchezwa tu. Hicho ndicho kipindi cha mazungumzo ulichokiuliza. Kinafaa kikiwa kitoweo, si chakula.

Pia fungueni podikasti nzima kwa kipindi kifupi cha dakika kumi kinachoeleza mchezo ni nini, kwa maana huyo anayeletwa na binamu yake hatauliza, ataondoka.

Mahali pa kukutania ni jambo ambalo vijana wengi hulichukulia kwa wepesi. Jumuiya za ng'ambo hukaa Discord, programu ya vikundi vya mazungumzo, nanyi hamna haja, kwa kuwa watu wenu wako WhatsApp. Lakini kundi la WhatsApp huanika namba ya simu ya kila aliyemo, na katika mji ambao watu wote wanajuana, dada au mke wa mtu anayependa hadithi zenu hatajiunga na kundi la wanaume sitini asiowajua ili namba yake izagae. Mtadhani hamna wasikilizaji wanawake, kumbe mmewafungia mlango. Tumieni chaneli ya WhatsApp, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, ambamo wafuasi hawaonani namba, kwa ajili ya kutangaza vipindi. Barua na beti zipokeeni kwa namba moja ya kipindi, inayoshikwa na watu wawili, mmoja wao awe mwanamke ikiwezekana. Kundi la mazungumzo liwe dogo, la wanaoliomba, lenye masharti machache yanayotekelezwa: hakuna kutoboa yaliyomo kabla siku tatu hazijapita tangu kipindi kitoke, hakuna kumtukana mchezaji kwa alichofanya mhusika wake, na hakuna kusambaza sauti ya mtu bila idhini. Anayevunja aonywe faraghani mara moja, kisha atolewe bila hotuba.

Idhini hiyo si adabu tu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu kuwa ni zake, na kwa mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Mkipokea beti la mwanafunzi wa darasa la saba, ongeeni na mzazi wake kwanza, na mtajeni kwa jina la utani.

Haki za wenye vitabu ni fupi kueleza. Mwezi Januari 2023, baada ya wachezaji kughadhibishwa na rasimu ya leseni mpya iliyovuja, kampuni ya Wizards of the Coast iliziachilia kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, zile za hati ya SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuzitumia, kuzitafsiri na hata kuziuza, mradi mtaje zilikotoka. Hadithi zake zinazouzwa na nchi zake za kubuni hazimo, kwa hiyo msizisome hewani neno kwa neno wala kuzitafsiri. Wala msiweke taarabu ya mtu mwanzoni mwa kipindi kwa kuwa ni ya zamani. Mtafuteni mpiga udi au zumari wa hapo mjini, mlipane, na muandikiane. Fedha zikija kwa M-Pesa, zitangazeni zilivyotumika, na msiuze kiti mezani kwa bei yoyote.

Limebaki la mwenzenu wa Mombasa na vikao vinne. Sishauri mvihariri. Vilirekodiwa kwa simu moja, hakuna aliyekuwa akitaja jina la mhusika, na kuvitengeneza kutawagharimu kuliko kucheza upya. Viondoeni mlikoviweka, kisha msimamizi arekodi kipindi kimoja cha nusu saa akiyasimulia yaliyotokea ndani yake, na humo mnaweza kupachika vipande vifupi vitatu au vinne vilivyotoka vizuri. Ikiwa sauti yake imo katika vipande hivyo, mpigieni kwanza, mumsikilizishe kila kipande na mumuulize kama anaridhia, na kama mhusika wake aage hadithi kwa njia gani. Akitaka aage mwenyewe, ajirekodi huko aliko akiwa ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi, awatumie faili lenyewe kama waraka, asitumie kitufe cha ujumbe wa sauti, kwa kuwa WhatsApp huibana sauti hiyo mpaka ikapungua ubora.